Saa Mbili Kabla ya Kikao: Maswali Yenu Kuhusu Wanyama na Ndege wa Ugenini

Safu ya mwezi huu imejaa barua za watu wanaosafiri kikazi: wakaguzi, wahandisi, wauguzi wanaokwenda mafunzoni. Malalamiko yao yanafanana. Wanafika nchi ya watu, wanaona uwanja wa ndege, hoteli na ukumbi wa mikutano, kisha wanarudi. Saa tumezitaja kwa hesabu ya Kiswahili. Simu yako ikiandika 06:00, hapa ni saa 12 asubuhi.

Swali: Ndugu wahariri, nasafiri nje mara tano au sita kwa mwaka, kila safari siku nne. Vikao vinaanza saa 3 asubuhi hadi saa 11 jioni, halafu kuna chakula na wenyeji. Ninapenda sana ndege na wanyama ila sioni upenyo. Nifanyeje? (Mkaguzi wa hesabu)

Jibu: Upenyo upo, ndugu yetu, tena ndio bora kuliko saa zote: zile saa mbili tangu kunapopambazuka. Ndege wamelala njaa usiku kucha, kwa hiyo wanatoka kula kwa pupa. Hewa imetulia na sauti zao zinafika mbali. Wanyama wa usiku nao bado wako njiani kurudi mafichoni. Hata ungekuwa huru saa 5 mchana, ungekuta kimya na majani yanayotikisika.

Kinachowaharibia wengi ni kuchagua mahali penye sifa lakini mbali. Hifadhi ya mwendo wa saa mbili kwa gari inakula alfajiri yote barabarani. Tafuta mahali unapofika kwa dakika 30 au pungufu kutoka mlango wa hoteli: bustani ya mji, ukingo wa mto, makaburi ya zamani yenye miti mikubwa, bwawa la kukinga maji ya mvua. Miji mikubwa ina utajiri huo kuliko inavyodhaniwa. London ina Richmond Park, hekta 955, ambako kulungu wekundu wanazurura huru. Kaa mita 50 mbali nao, na uongeze tahadhari Septemba na Oktoba madume wanapopigana, na Mei hadi Julai majike wanapozaa. Singapore ina Sungei Buloh, ardhioevu ya mikoko inayopokea vitwitwi wahamiaji kuanzia Septemba hadi Machi, na humo mamba wa maji chumvi wapo. Dubai ina Ras Al Khor kwenye ncha ya hori lake, na heroe huwa wengi miezi ya baridi. New York, kile kichaka cha Ramble ndani ya Central Park hujaa ndege wa msituni mwezi Mei, kwa kuwa wahamiaji hao huruka usiku na kunapokucha wanatua kwenye kijani cha kwanza wanachokiona katikati ya majengo. Nairobi ina hifadhi ya taifa ya kilomita za mraba 117, iliyotangazwa mwaka 1946, karibu kabisa na katikati ya jiji. Humo hutembei kwa miguu ila sehemu zilizotengwa, basi gari lipangwe tangu jana yake.

Kuchagua mahali ni kazi ya wiki moja kabla ya safari, si ya usiku wa kuamkia. Fungua eBird, mfumo ulioanza mwaka 2002 ambao watazamaji ndege wa dunia nzima huandikia walichokiona. Katika ramani yake, sehemu zinazotembelewa sana zina alama. Usivutwe na jumla ya aina zilizowahi kuonekana hapo, maana hesabu hiyo imejilimbikiza kwa miaka. Angalia tarehe ya orodha ya mwisho. Kama kuna mtu aliyeandika wiki hii, njia inapitika na geti linafunguliwa. Kisha fungua chati ya vipau kwa mwezi utakaokuwepo. Kipau kinene maana yake ndege huyo huandikwa katika orodha nyingi za wiki hiyo. Chagua kumi wenye vipau vinene, jifunze sura na sauti zao kabla hujapanda ndege. Kumi tu. Ukiwafahamu hao, yeyote asiyekuwa miongoni mwao anakushtua papo hapo, na hapo ndipo raha inapoanza.

Baada ya hapo tazama jua linachomoza saa ngapi. London mwezi Juni linachomoza kabla ya saa 11 alfajiri, na una asubuhi nzima kabla ya kikao. Desemba linachomoza saa 2, na alfajiri yako haipo. Tumia mapumziko ya mchana, kwa kuwa siku fupi za baridi huwalazimisha ndege kula kutwa. Singapore, karibu na ikweta, jua huchomoza kama saa 1 asubuhi mwaka mzima.

Mwelekeo wa safari nao una uzito wake. Ukiruka kwenda magharibi, mwili utakuamsha saa 9 au 10 usiku. Usishindane na usingizi, alfajiri ni yako. Ukiruka kwenda mashariki na tofauti ikazidi saa tano, asubuhi mbili za mwanzo utakuwa mzito, basi hizo zibadilishe na jioni. Bundi na popo hawangoji asubuhi. Kule Austin, Marekani, popo wapatao milioni 1.5 huishi chini ya daraja la Congress Avenue wakati wa joto, na hutoka kwa mkondo mmoja jua linapozama, hatua chache kutoka hoteli za katikati ya mji.

Ukiwa pwani, jedwali la maji lina nguvu kuliko saa. Maji yakipwa, vitwitwi wanatawanyika kwenye matope hadi wanakuwa nukta tu. Fika saa mbili kabla ya maji kujaa, ukae mahali pamoja, bahari itawasukuma hadi mbele yako. Wakati wa bamvua sehemu kavu inabaki ndogo na ndege wanabanana zaidi.

Ratiba ya siku ambayo jua linachomoza saa 12 inaweza kuwa hivi: kengele saa 10:45, uwe umefika saa 11:40, uondoke saa 1:45, uoge, na saa 3 uko kitini. Nguo za kikao zipange usiku, maana dakika kumi za kutafuta soksi ndizo zinazofuta safari nzima. Jioni ya kuwasili tembea hadi mahali penyewe mchana ukiwa bado mweupe, uone geti liko wapi na linafunguliwa saa ngapi. Geti lililofungwa limewarudisha watu hotelini kuliko mvua.

Asubuhi ya pili rudi hapo hapo. Ya kwanza kila kitu ni kigeni na macho hayajui pa kutua; ya pili ushawazoea wa kawaida, na aliye wa pekee anajitokeza mwenyewe. Tembea polepole, kilomita moja kwa saa inatosha, na kila baada ya mita mia mbili ukae kimya dakika kumi. Wanyama waliokimbia hatua zako hurejea ukishatulia.

Swali: Nataka kununua darubini ya kubeba kwenye begi la kompyuta. Nimeona za 8x25, 8x32, 8x42 na 10x42. Namba hizi zinanichanganya. (Mhandisi wa mitambo)

Jibu: Namba ya kwanza ni mara ngapi kitu kinakuzwa. Ya pili ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita. Gawanya ya pili kwa ya kwanza, utapata upana wa mwale unaoingia jichoni: 8x25 inatoa milimita 3 na kidogo, 8x32 inatoa 4, na 8x42 inatoa zaidi kidogo ya 5. Katika mwanga hafifu wa alfajiri mboni hupanuka kufikia milimita 5 au zaidi, ndiyo sababu darubini ya mfukoni huonyesha picha nyeusi saa ile ile unayoihitaji. Ile ya 10x42 inavuta zaidi, lakini inakuza na mtetemo wa mikono, na eneo unaloliona linapungua, hivyo kumpata ndege mdogo ndani ya majani kunachukua muda. Kwa msafiri wa kikazi tunapendekeza 8x32. Nyingi zina gramu 450 hadi 600 na zinaingia begini bila kugombana na kompyuta.

Ukivaa miwani, uliza umbali wa jicho kutoka lenzi ya nyuma. Uwe milimita 15 au zaidi, la sivyo utaona duara dogo lenye giza pembeni. Vikombe vya macho vishushwe kwa mwenye miwani, vipandishwe kwa asiye nayo.

Watu wengi huilaumu darubini yao kwa ukungu wa picha kumbe hawajairekebisha. Bana au panua mihimili miwili hadi uone duara moja. Funga jicho la kulia, zungusha gurudumu la katikati hadi jicho la kushoto lione ubao wa maandishi kwa makali. Sasa funga la kushoto na usiguse gurudumu. Zungusha pete iliyo kwenye lenzi ya jicho la kulia hadi maandishi yale yale yakae sawa. Kumbuka pete imesimama wapi. Tangu hapo unatumia gurudumu la katikati tu.

Tatizo la nchi zenye joto la unyevu ni kiyoyozi. Ukiitoa darubini kwenye chumba baridi moja kwa moja hadi nje, vioo vinafunikwa na mvuke kwa dakika nyingi, na kufuta hakusaidii. Iache usiku ndani ya mfuko uliofungwa vizuri, na asubuhi mfuko usifunguliwe mpaka uache kuwa wa baridi mkononi, dakika 30 au zaidi. Vivyo hivyo kwa kamera. Ndani ya ndege ya safari, darubini ikae kwenye begi la mkononi. Pawabanki nayo lazima iwe mkononi, isiwe kwenye mzigo wa chini, na isizidi wati-saa 100, ambazo ni kama milliampia-saa 27,000.

Swali: Nilikuwa natazama ndege kando ya mto ulio mbele ya hoteli, askari wakanishikilia kwa nusu saa wakinihoji kuhusu darubini. Nilikosea wapi? (Mkufunzi)

Jibu: Pole sana. Huenda hukuvunja sheria, ila askari hajui unachotazama. Anaona lenzi zimeelekea upande gani. Kabla ya kuinua darubini, angalia kilicho nyuma ya mti: daraja, bwawa la umeme, bandari, kambi, ubalozi, nyumba ya kiongozi. Kimojawapo kikiwepo, geuka au sogea. Usisimame karibu na uzio wa uwanja wa ndege hata kama nyasi zake zimejaa ndege. Novemba 2001 watu 14, Waingereza 12 na Waholanzi wawili, walikamatwa Kalamata, Ugiriki, kwa kuandika namba za ndege za kijeshi kama burudani yao. Walihukumiwa, na rufani iliwaokoa mwaka uliofuata. Hao walikuwa wakitazama ndege za chuma, lakini daftari na darubini yao havikutofautiana na vyako.

Beba kitabu cha picha za ndege, kiwe kimefunguka kwenye ukurasa unaoutumia. Hakuna maelezo yanayoeleweka upesi kuliko hayo. Jifunze sentensi moja ya lugha ya pale inayosema unatazama ndege wa porini. (Hata kwa Kiswahili, ukisema tu "natazama ndege" karibu na uwanja umejiponza.) Askari akija, shusha darubini, msalimie, mpe aangalie mwenyewe. Akitaka uondoke, ondoka.

Droni iache nyumbani. Moroko na Misri huzinyang'anya forodhani, na hifadhi za taifa za Marekani zimezikataza tangu mwaka 2014. Vifaa vya mawasiliano ya satelaiti, ambavyo watembea porini hupenda kubeba kwa usalama, vinahitaji kibali India, na kuna wasafiri waliozuiliwa uwanjani kwa kutolijua hilo.

Swali: Programu ya simu inanitajia ndege ambaye wenyeji wanasema hapatikani kwao. Niamini nani? (Muuguzi)

Jibu: Waamini wenyeji kwanza. Programu kama Merlin husikiliza sauti na kukisia, na kuna ndege wanaoiga wengine. Kwezi wa Ulaya ni hodari wa hilo. Kelele za maji na magari nazo huipoteza. Ichukue kama rafiki anayekunong'oneza "angalia pale juu," halafu mtafute kwa macho. Pakua kifurushi cha eneo unalokwenda ukiwa na intaneti nzuri, maana msituni hakutakuwa nayo, na hakikisha kifurushi ni cha eneo hilo. Ukiwa na cha nchi nyingine, programu itakupa majina ya huko bila kusita.

Kwa wadudu, mimea na vyura, tumia iNaturalist, ambako watu wenye ujuzi huthibitisha picha zako. Wengi hukwama kwa sababu wamepiga picha moja. Mdudu mpige kwa juu, kwa ubavu na kwa uso. Mmea unataka picha ya mti mzima, jani juu na chini, jinsi majani yalivyopangwa kwenye kijiti, ua au tunda, na gome. Uyoga usipoonyesha upande wa chini, hakuna atakayekusaidia. Weka kitu cha kulinganishia ukubwa, kalamu inatosha.

Jambo la kuliangalia sana ni mahali. Viumbe wengi walio hatarini mfumo huwafichia alama, nukta ikawekwa ovyo ndani ya mraba wa nyuzi 0.2 kila upande, ambao karibu na ikweta ni kama kilomita 22. Lakini orodha ya walio hatarini haijakamilika kwa kila nchi. Ukikuta kiota cha tai, okidi adimu, kobe au bundi anayelala mti ule ule kila siku, chagua mwenyewe kuficha eneo, na usiitume picha ile ile kwenye kundi la wafanyakazi wenzako ikiwa bado ina alama ya mahali. Wawindaji haramu na wapiga picha wasio na subira husoma pia.

Tena, tafadhali usicheze sauti ya ndege kwa spika ili ajitokeze. Dume anadhani mvamizi ameingia himaya yake. Anaacha kulisha makinda na kuja kupigana na simu. Hifadhi za taifa za Marekani zimelipiga marufuku kabisa.

Swali: Nakwenda kufunga mitambo kwa wiki tatu karibu na msitu, na jioni nitatembea. Naogopa kupe, popo na nyani. Nijiandaeje? (Fundi umeme)

Jibu: Umefanya vizuri kuuliza mapema, kwa sababu chanjo nyingine zinataka muda. Ya homa ya manjano inahesabika siku 10 baada ya kuchomwa, na tangu Julai 2016 cheti chake ni cha maisha. Ya kichaa cha mbwa kwa kujikinga hutolewa mara mbili, siku ya kwanza na siku saba baadaye. Faida yake iko hapa: mtu aliyechanjwa akiumwa anahitaji sindano mbili za kukumbushia, wakati asiyechanjwa anahitaji sindano zaidi pamoja na kingamwili maalumu ambazo katika sehemu nyingi za mbali hazipatikani. Ukiumwa au kukwaruzwa na mbwa, nyani au popo, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili ukitazama saa, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo. Usingoje kurudi nyumbani. Jino la popo ni dogo kiasi kwamba alama inaweza isionekane, na dalili za ugonjwa huu zikishaanza, karibu hakuna anayepona.

Kwa mbu na kupe, paka dawa yenye DEET asilimia 20 hadi 30, au pikaridini asilimia 20. Mafuta ya kukinga jua yanatangulia, yakauke, ndipo dawa ifuate. Futa viganja kabla ya kushika darubini, kwa kuwa DEET inayeyusha plastiki na mpira. Viatu, soksi na suruali vinyunyizie pemetrini, dawa ya kuua wadudu, ya asilimia 0.5 siku moja kabla, vikauke kabisa. Haipakwi kwenye ngozi, na ikiwa mbichi inaua paka. Chomeka suruali ndani ya soksi.

Jioni jikague: nyuma ya magoti, kinena, kwapa, nyuma ya masikio, mstari wa mkanda. Kupe akishika, tumia kibano chenye ncha nyembamba, mshike karibu kabisa na ngozi, vuta wima kwa nguvu isiyobadilika. Usimpake mafuta wala kumchoma moto, maana akisumbuliwa hutapika ndani ya kidonda chako. Andika tarehe, piga picha pale alipokuwa, na uangalie kwa siku 30. Homa au doa linalotanuka ni sababu ya kumwona daktari na kumwambia ulikuwa nchi gani. Vitabu vingi huonyesha doa jekundu kwenye ngozi nyeupe. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo hufifia na linaweza kuonekana kama chubuko.

Ruba hana madhara makubwa. Pitisha ukucha chini ya ncha yake nyembamba umbandue, halafu ncha ya pili. Damu itaendelea kutoka kwa muda kwa sababu mate yake huizuia isigande. Bana kwa kitambaa. Nyani nao wanajua mfuko wa plastiki maana yake chakula. Usibebe kitu mkononi, usimkodolee macho, na usimchekee: meno yanayoonekana kwake ni tishio.

Swali: Mwanangu ameniomba nimletee makombe ya baharini na manyoya ya ndege. Pia viatu vyangu vina udongo wa msituni. Kuna shida? (Mratibu wa miradi)

Jibu: Shida ipo, tena kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Biashara na usafirishaji wa viumbe walio hatarini unasimamiwa na mkataba wa CITES, uliotiwa saini Washington tarehe 3 Machi 1973 na kuanza kufanya kazi Julai 1975. Forodha haijali kama uliokota au ulinunua, wala kama duka lilikupa risiti. Matumbawe magumu, makombe ya chaza wakubwa, okidi za kila aina, karibu dungusi kakati zote, magamba ya ng'amba na pembe za ndovu vyote vimo kwenye orodha zake. Na sheria za nchi huongeza zao. Marekani, kwa sheria ya ndege wahamiaji ya mwaka 1918, ni kosa kumiliki hata unyoya uliouokota chini, ukiwa wa ndege wengi wa asili ya kule. Makombe matupu nayo si taka: kaa wa aina fulani huhamia humo, na ufuo ukiokotwa sana wanabaki uchi. Mpelekee mtoto picha na sauti ulizorekodi, mchore pamoja.

Viatu ndivyo vinavyosahaulika. Udongo hubeba mbegu, mayai ya wadudu na vimelea. Kule New Zealand miti ya kauri inakufa kwa kimelea cha udongoni kinachosafiri kwenye soli, ndiyo maana kwenye njia za misitu hiyo utakuta vituo vya kusugua na kunyunyizia dawa viatu. Ukuvu unaoua vyura umeenea mabara mengi, na unapenda matope mabichi. Kwa hiyo kabla ya kufunga begi: chokonoa mifereji ya soli kwa kijiti, sugua kwa brashi na maji ya sabuni, kausha hadi ndani. Chunguza na pindo za suruali, soksi na zile kanda za kunata, mbegu hujificha hapo. Ukiingia New Zealand au Australia, jaza kwenye fomu kwamba viatu vyako vimetembea porini. Ukitangaza, vitakaguliwa na pengine kusafishwa. Ukinyamaza wakavikuta, New Zealand hutoza dola 400 za kwao papo hapo.

Swali: Wenyeji wa kampuni tunayoshirikiana nayo wamenialika kupanda tembo na kupiga picha na watoto wa chui milia. Sitaki, lakini sitaki kuwaaibisha. (Meneja mauzo)

Jibu: Moyo wako umekuongoza vizuri. Mtoto wa chui milia anayeshikwa na wageni kutwa ametenganishwa na mama yake mapema, na akishafika miezi michache haaminiki tena mikononi mwa watu, kwa hiyo lazima wazaliwe wengine kila mara. Tembo anayekubali kiti mgongoni amevunjwa nguvu akiwa mdogo.

Kataa mapema, kabla tiketi hazijalipwa, na utoe badala yake katika ujumbe ule ule: "Nashukuru sana kwa mwaliko. Ningependa zaidi kuwaona wanyama wa kwenu wakiwa porini. Je, tunaweza kutembea pamoja asubuhi katika hifadhi fulani?" Itaje hifadhi kwa jina. Mwenyeji alitaka kukufurahisha, nawe umemwonyesha njia. Ukipelekwa mahali panapojiita kituo cha kuokoa wanyama, uliza mambo matatu: wageni wanawagusa? wanazaliana humo? kuna wanaorudishwa porini? Majibu ya mawili ya kwanza yakiwa ndiyo, geuka.

Swali: Safari hii naongeza siku mbili zangu baada ya kongamano, nikiwa peke yangu. Nizingatie nini? (Dada mtafiti)

Jibu: Anza na karatasi, dada. Viza ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, ina tarehe za uhalali na pia idadi ya siku za kukaa. Aliyeombewa siku tano za mkutano anaweza kupewa hizo tano tu, hata kama tarehe zinaenda mbele. Soma namba hiyo kabla ya kubadili tiketi. Bima ya mwajiri mara nyingi inakoma kikao kinapokoma. Omba jibu la maandishi, au nunua yako kwa siku hizo mbili, ukiangalia kama inagharamia kutembea milimani na kuokolewa.

Kama unawaza gorila wa milimani, Uganda na Rwanda huruhusu wageni wanane kwa kundi moja la gorila kwa siku, kwa saa moja, hivyo vibali huisha miezi kabla. Usipange kukinunua ukifika. Mwenye mafua haruhusiwi kuwasogelea, kwa sababu magonjwa yetu yanawaua.

Kwa matembezi ya mlimani, kipimo cha Naismith, mpanda milima wa Scotland, cha mwaka 1892 bado kinafaa: saa moja kwa kila kilomita 5, ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Njia ya kilomita 10 yenye mpando wa mita 600 ni saa tatu za mwendo mtupu. Anayesimama kutazama ndege aziongeze mara mbili. Panga saa ya kugeuka, na ikifika ugeuke hata kama kilele kinaonekana. Karibu na ikweta giza hushuka ndani ya nusu saa baada ya jua kuzama, kwa hiyo taa ya kichwani iwemo begini hata kwa matembezi ya asubuhi.

Ramani ipakue ifanye kazi bila mtandao. Mwachie mtu mmoja wa mapokezi na mmoja wa nyumbani njia utakayopita, saa ya kurudi, na saa ambayo wakikukosa waanze kupiga simu. Usitangaze mtandaoni ulipo mpaka umeondoka. Kuajiri kiongozi wa njia kwa siku ya kwanza ni fedha iliyotumika vizuri: muulize kwa maandishi anachukua watu wangapi, mnaanza saa ngapi, na kama huwa anacheza sauti au kuwatupia wanyama chakula. Anayejibu kwamba hafanyi hayo, na anayekuuliza wewe unapenda kuona nini na unatembea kwa kasi gani, huyo mchukue.